Mchicha Juu ya Honora

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Ghati ameinama na ufagio mkononi, mgongo ameupa uzio.

Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Akishamwogesha Bibi Abigail, akishamnywesha uji na kumpa dawa zake, Ghati hutoka kwa mlango wa jikoni na ule ufagio wa chelewa alioununua kwenye duka la Mkongo kule Langley Park. Hufagia uwanja wa nyuma mpaka mistari ya ufagio ionekane kama nywele zilizochanwa. Hakuna aliyemtuma. Kwao Tarime, uwanja wenye majani ni uwanja wa nyoka, na wa mwanamke mvivu.

Asubuhi hiyo ya Septemba alikuwa amefika kwenye tuta lake la mchicha. Ndipo sauti ya mwanamume ikamjia kutoka nyuma, karibu mno.

"Usipige hatua nyingine!"

Ufagio ukamdondoka.

Hakugeuka. Shingo ilikataa. Huku Landover, Marekani, kwenye mitaa iliyobanwa kati ya maghala na ule uwanja mkubwa wa mpira, mtu wa heri hugonga mlango wa mbele.

"Dada Ghati, ni mimi. Zefania."

Hofu ikageuka hasira. Zefania, kijana wa Mpwapwa, alikuwa mlinzi wa ghala lililopakana na nyumba ile. Alikuwa ameshika waya wa uzio kwa mikono yote miwili kama mfungwa, sare yake ya buluu imempwaya mabegani.

"Wewe! Unataka nife kwa mshtuko? Na kama ni yale yale, nilishakwambia nimechumbiwa."

"Si yale yale."

"Nimechumbiwa na mtu mrefu."

"Dada Ghati..."

"Ana gari."

"Nisikilize, bwana! Umesimama juu ya watu!"

Ghati akatazama miguu yake. Udongo. Kandambili. Mistari ya ufagio.

"Watu gani?"

"Marehemu. Hapo ulipo ni makaburini. Hapo, na pale, na pale penye mchicha."

Ghati alicheka, lakini kicheko kilikatikia njiani. Kaburi yeye alilijua. Kaburi lina saruji, na wenye uwezo hulivika vigae. Lina msalaba, lina jina, lina tarehe. Yeye alipofika hapa mwezi wa nne alikuta nini? Majani yanayotambaa yenye maua ya zambarau. Mawe ya kawaida yamechomoza huku na huku. Magae ya vikombe na makombe ya chaza yametapakaa. Majani akayang'oa. Magae na makombe akayatupa. Mawe akayapanga vizuri kuzunguka tuta lake, maana mwanamke wa Kitanzania akipewa kiwanja cha nyuma popote duniani, kitu cha kwanza kupanda ni mchicha.

"Nani kakudanganya?" aliuliza.

"Bosi wangu. Hakuniambia mimi, alikuwa kwenye simu nami nimesimama mlangoni. Alisema wanayo ramani ya zamani, inaonyesha makaburi. Akasema, 'Tulieni tu. Yule binti anayemtunza bibi kizee anatufanyia kazi ya bure, kila siku anang'oa jiwe.' Halafu akacheka."

"Lini hiyo?"

Zefania akainamisha kichwa. "Ni wiki kadhaa sasa."

"Wiki kadhaa! Ukanyamaza?"

"Kila nikija uzioni unaniletea habari za mchumba mrefu!"

Ghati akaziba mdomo kwa kiganja. Kwa hiyo zile "nina neno nataka kukwambia", kile kigugumizi, yale maandazi yaliyofungwa kwenye karatasi na kupitishwa juu ya waya, yote hayo hayakuwa posa?

"Leo mpima ardhi anakuja," Zefania alisema kwa haraka. "Asubuhi hii hii. Makaburi tu ndiyo yanayowazuia: asipoona hata moja, uzio unasogezwa mpaka chini ya dirisha la jikoni. Wanataka maegesho ya malori."

Ghati alitaka kuuliza kitu, lakini ulimi ulitoa jina moja tu.

"Honora."

Msomaji uliyejiunga nasi leo, jina hilo ndilo lililoijaza nyumba ya Bibi Abigail. Honora Tierney alikuwa msichana wa Ireland, mtumishi wa ndani katika nyumba ya tajiri mjini Cork, miaka zaidi ya mia mbili na hamsini iliyopita. Baridi ilipomzidi alichukua joho la sufu la mke wa tajiri. Mahakama ikamhukumu kutumikia miaka saba ng'ambo ya bahari. Akatiwa kwenye meli na wahalifu wenzake, akashushwa Annapolis, akauzwa kwa mkulima wa tumbaku hapa hapa Maryland.

Huko shambani akampenda mtumwa mmoja mweusi, Caleb. Kwa kumpenda aliongezewa miaka ya kutumika, na watoto wao wakafungwa kwenye kazi mpaka utu uzima. Kwenye ukoo huo ndipo alipotoka Bibi Abigail, mwanamke mweusi aliyelala sasa kwenye kile chumba cha mbele, miguu haina nguvu.

Binti yake Irene, mwalimu wa shule huko Gaithersburg, alikuwa ameufuatilia mwendo wote wa Honora: hukumu, meli, mnada, adhabu, uhuru. Alijua alivyoishi. Lakini hakuna karatasi hata moja iliyosema amelazwa wapi. Hilo ulilijua uwanja peke yake, na kinywa cha Bibi Abigail. "Wako nyuma, wote wako nyuma," bibi alikuwa akisema, "nami nitalazwa miguuni pa Honora." Ghati alikuwa akitazama kule mbali, kwenye miti nyuma ya ghala, akidhani makaburi yenye misalaba yako huko.

Na jana mchana alimpikia bibi mchicha kwa karanga. Bibi alikula, akaomba aongezewe.

Ghati akautazama mchicha.

"Zefania," alisema kwa sauti nyembamba, "tumemla."

"Nani?"

"Honora! Mizizi imeshuka kwake. Tumemla kwa karanga!"

"Dada, si wakati wake huo. Unakumbuka mawe yalikuwa wapi?"

Alifumba macho. Alikumbuka. Mtu aliyeshika ufagio kila siku hujua uwanja wake kama kiganja: jiwe jeupe karibu na bomba, jiwe lenye ufa chini ya mti wa mwerezi, mawe mengine kwa mstari kuelekea uzioni.

"Nakumbuka."

"Basi turudishe."

Akapanda uzio. Suruali ya sare ikanasa kwenye waya, ikachanika gotini, naye akaanguka upande wa huku. Bila kusemezana wakaanza kung'oa mawe kwenye tuta. Ghati alilinyanyua la kwanza, likamponyoka. "Nisameheni," alikuwa akinong'ona, "nisameheni, sikujua, nisameheni." Hakujua anamwomba nani. Kila alipokanyaga aliona kama udongo unambonyea.

Hawajafika mbali. Mlango wa gari ukafungwa huko mbele, na viatu vya kisigino vikaja vikizunguka nyumba.

"Ghati? Mbona humfungulii mtu..."

Irene akatokea kwenye kona. Akasimama. Macho yake yakapita kwenye uwanja uliofagiliwa, yakapita kwenye tuta, yakaishia kwa mwanamume mwenye sare ya ghala, gotini mwake suruali imechanika, mikononi mwake amekumbatia jiwe.

"Mungu wangu," alisema Irene. "Ni ninyi watu wa ghala. Mmekuja kuwang'oa."

Zefania akarudi nyuma hatua moja, jiwe bado kifuani.

"Tangu mama apooze sijapata moyo wa kuja huku nyuma," Irene aliendelea, na sasa sauti ilikuwa inapanda. "Nilijua pameota majani, lakini nilijua wapo, hawaendi popote! Ninyi ni wanadamu wa aina gani? Mnaiba hata makaburi? Ghati, sogea mbali na mtu huyo. Amekugusa?"

"Hapana, Bi Irene."

"Umemkuta hapa?"

Hapo ndipo pa kusema. Ghati alihisi maneno yamepanda mpaka kooni: ni mimi, Bi Irene, ni mimi na ufagio wangu. Lakini aliona kitanda chake kimetupwa nje. Aliona jina lake likipelekwa kwa wakala wa kazi za uangalizi: huyu ndiye aliyefukua wazee wa watu. Nani angempa tena kazi? Nani angemwamini ndani ya nyumba?

"Ndiyo, Bi Irene," alisema. "Nimemkuta hapa."

Haukuwa uongo mtupu. Lakini Zefania alimtazama, na Ghati akatamani ardhi immeze, kisha akakumbuka ardhi hiyo ni ya nani, akatamani isimmeze.

Na mambo hayakuishia hapo. Geti la pembeni lililia. Aliingia mwanamume mrefu mwembamba, fulana ya kung'aa ya kazini, begani amebeba kifaa chenye miguu mitatu. Nyuma yake bosi wa ghala, shati jeupe, kikombe cha kahawa mkononi. Mpima ardhi amefika.

"Mtu wako huyu!" Irene alimfokea bosi. "Amevunja makaburi ya ukoo wangu!"

Bosi akamtazama Zefania kana kwamba hajawahi kumwona. Akanywa kahawa kidogo.

"Makaburi yapi?" aliuliza kwa upole. "Mimi naona bustani ya mboga. Na huyu, kama ameruka uzio, ameruka kwa hiari yake. Kuanzia sasa hivi si mtu wangu."

Kazi ya Zefania ikaishia hapo, kati ya funda moja la kahawa na jingine.

Irene alikwenda mbio kumtoa mama yake. Mpima ardhi akaanza kukitegesha kifaa chake kimya kimya, na bosi akasogea pembeni kupiga picha. Ghati na Zefania wakabaki wamesimama karibu na mchicha kama watoto waliovunja chungu.

"Kwa nini hukusema?" Ghati alinong'ona kwa Kiswahili.

"Niseme nini? Wewe unakaa kwenye nyumba yao, utalala wapi leo? Mimi kazi imeshakwenda. Nyamaza. Niachie mimi nibebe."

"Watakuitia polisi!"

"Waite. Nitasema nilitumwa. Wewe mama yako anakutegemea."

"Zefania, acha wazimu. Ni mimi niliyeyang'oa yote, wewe hujang'oa hata jani."

"Nani anajua? Hapa hakuna anayeelewa tunachosema."

"Mimi naelewa," alisema mpima ardhi.

Hakuinua hata kichwa. Jicho lilikuwa bado kwenye kifaa.

"Naitwa Kipngetich. Nimezaliwa Kapsabet. Mmekuwa mkiongea hapo kama watu wako kwa redio, na mimi nimesikia kila kitu."

Ghati akamsogelea.

"Kaka," alisema, "tafadhali. Nakuomba kwa jina la..."

"Madam, usiniombe. Mimi sipimi maneno, napima kile naona. Na hapa sasa hivi naona terere." Akanyoosha mgongo, akautazama mchicha. "Terere mzuri sana, kusema ukweli. Lakini siwezi andika kaburi kwa sababu ya terere."

"Mawe yapo! Nayajua yalipokuwa!"

"Wewe unayajua. Utasimama useme?"

Ghati akautazama mlango wa jikoni.

"Sawa," alisema Kipngetich. Akamgeukia Zefania. "Na wewe bwana, ukishamaliza kubeba makosa ya watu, mwambie huyu dada unampenda, tuendelee na kazi."

Zefania akageuka rangi. Wakati mwingine Ghati angecheka kwa wiki nzima. Leo hakumtazama hata usoni, kwa sababu magurudumu yalikuwa yanakuja.

Irene alimsukuma mama yake polepole kwenye njia ya saruji. Bibi Abigail alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani. Alikuwa ameikazania, ingawa alikuwa anakwenda nyuma ya nyumba tu. Tangu apooze hajauona uwanja huu.

Kiti kikasimama. Bibi akautazama uwanja kutoka pembe hadi pembe.

Ghati alisubiri kilio. Alisubiri laana. Lakini bibi alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeulizia miwani yake:

"Sahani iko wapi?"

"Sahani gani, mama?" Irene aliinama.

"Sahani ya Honora. Nilikuonyesha ulipokuwa mdogo. Nyeupe, ukingo wa buluu, na ndege amechorwa katikati. Ndiyo kitu cha kwanza alichojinunulia alipokuwa huru. Waliifudikiza juu ya kaburi, upande wa kichwa, siku ya kumzika, na wakaitoboa tundu kwenye kitako chake, ili asiwepo mwizi wa kuitamani." Akanyoosha mkono kuelekea uwanjani. "Mawe yanaweza kuwa mawe tu. Lakini sahani ni yeye. Wote wamelazwa kwa kumfuata yeye. Nionyesheni sahani, nitawaonyesha kila mtu alipo."

Kipngetich alikuwa amevua kofia. "Madam," alimwambia Irene kwa Kiingereza cha kazini, "kitu kama hicho kikionekana hapa leo, kazi yote inasimama mpaka wataalamu waje. Hakuna mtu atakayegusa hapa. Kisipoonekana, na kama hakuna shahidi, naandika kiwanja kitupu. Sitapenda. Lakini nitaandika."

Bosi wa ghala akatabasamu kwenye kikombe chake.

"Uliipeleka wapi?" Irene alimsogelea Zefania. Alikuwa analia sasa. "Sahani! Uliitupa wapi?"

"Sijui habari ya sahani," alisema Zefania. Kwa mara ya kwanza aliogopa kweli, maana hili hakulijua.

Lakini Ghati alilijua.

Lo, msomaji, Ghati alilijua! Baridi ilianzia utosini ikateremka mpaka kwenye kandambili. Sahani nyeupe, ukingo wa buluu. Aliikuta imefudikizwa ardhini chini ya mwerezi, akaifukua kwa vidole, akaiosha kwa sabuni. Ndege akatokea, mdogo, amekunjua bawa. Ilikuwa nzuri mno kutupwa. Na lile tundu, lile tundu la kumzuia mwizi, yeye alifurahi kuliona. Alidhani limetobolewa makusudi ili sahani itundikwe ukutani.

"Nawapigia polisi," alisema Irene. Simu ilikuwa tayari mkononi.

"Bi Irene..." Ghati alianza.

"Mpeleke mama ndani, Ghati. Asione."

"Sawa, Bi Irene."

Alishika mikono ya kiti. Ndivyo alivyoishi katika nchi hii tangu alipofika: sawa, Bi Irene, ndiyo, mama, hapana, bwana. Kila neno alilotaka kulisema alilimeza, na maneno yote hayo sasa yalikuwa yanamkaba. Zefania alikuwa ameshaweka jiwe chini, mikono ameinyanyua mbele ya kifua ili kila mtu aione, kama mtu anayejua jinsi ya kusimama polisi wakifika.

Bibi Abigail akainua mkono, akaushika mkono wa Ghati kwenye kiti.

"Unatetemeka, mwanangu," alisema. "Wewe una nini? Walimwita Honora mwizi maisha yake yote kwa sababu ya baridi. Wewe unaogopa nini?"

Simu ya Irene ikapokewa. Ilikuwa imewekwa sauti ya juu, na uwanja mzima ukasikia mwanamke mtulivu akiuliza dharura ni nini.

"Kuna mwanamume ameingia uwanjani kwetu," alisema Irene, "ameharibu..."

"Si yeye."

Irene akageuka. Bosi akashusha kikombe. Ghati mwenyewe alishtuka, kwa maana sauti iliyotoka ilikuwa kubwa, na ilikuwa yake.

"Samahani, nani anaongea?" iliuliza simu. "Dharura ni nini?"

"Naitwa Ghati," alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imemshika bibi. "Mtu huyu hajafanya kitu, alikuja kunionya. Mawe niliyang'oa mimi. Niliona ni takataka, nikafagia, nikapanda mboga juu ya wazee wa watu, na nikawalisha wenyewe mboga hiyo. Kila jiwe najua lilipokuwa, nitamwonyesha mpimaji moja baada ya jingine hata mkinifunga." Akapiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu. "Lakini sahani, bibi, sahani siwezi kukuonyesha. Niliipenda. Nikaiviringisha kwenye kanga, nikaitia kwenye pipa la mizigo ninayomtumia mama yangu Tanzania. Pipa limetoka Baltimore Jumamosi. Honora wako yuko ndani ya meli, bibi. Nimempeleka ng'ambo ya bahari."